Shemeji Yangu Anaitika kwa Jina la Marehemu

Barua hii ilinifikia Februari mwaka huu wa 1992, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi za daftari la shule. Kwa kuwa siku alizobakiwa nazo mwandishi zilikuwa chache, nilimjibu kwanza kwa posta, siku ileile. Naichapisha sasa kwa ruhusa yake. Majina yote nimeyabadili. – Bi Placidia

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo mama. Naomba unisaidie, na ukiona yananitia aibu basi soma hivyohivyo mpaka mwisho, maana hapa Isingiro sina wa kumwambia. Nikimwambia jirani atamwambia mama mkwe, na mama mkwe akisikia atafurahi, na kufurahi kwake ndiko kunakoniogopesha.

Mimi naitwa Deodatha, nina miaka thelathini na mmoja, ni mjane, nina binti mmoja, Joviana, yuko darasa la tatu. Mume wangu Telesfori alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, mtu wa utani mwingi, hajawahi kuninyanyulia mkono. Mwanzoni mwa 1989 alianza kuchoka, akibeba mkungu mmoja tu wa ndizi lazima aketi njiani mara mbili, jasho linamtoka asubuhi kwenye baridi ya ukungu, akawa anakonda, na upande wa kushoto chini ya mbavu pakavimba, ukigusa unakuta kitu kigumu kama jiwe la kusagia. Watu wakasema bandama, mganga akamchanja chale, zile chale zikatoka damu siku mbili bila kukauka. Watu wakaacha kusema bandama, wakaanza kusema Juliana, wewe unajua mama, huku Kagera ndivyo tulivyouita ukimwi ulipoanza kutumaliza, na kilabuni wakawa hawampi tena mrija wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akifika wanasogea kwenye benchi kama vile wanampisha mkubwa.

Nikauza mbuzi, tukaenda Bukoba, tukapanda meli hadi Mwanza. Walimpima kila kitu, na hilo la Juliana walipima, hakuwa nalo. Daktari akatuita mimi na Telesfori akatuambia taratibu: "Hakurogwa, na wala si ukimwi. Ni saratani ya damu. Chembe nyeupe zimezaliana kupita kiasi. Kuna vidonge, vitampa muda. Sitawadanganya kwamba vitamponya." Mimi nikawa naandika kila neno kwenye daftari la Joviana, kidonge gani saa ngapi, tarehe gani turudi, na Telesfori akaniangalia akacheka, akasema, "Kumbe nimeoa katibu." Tangu siku hiyo hakuniita Deodatha tena. Kila asubuhi akiamka, mifupa inamuuma yeye, lakini ananiuliza mimi, "Katibu, mifupa imeamkaje?"

Vile vidonge vilifanya kazi mama, nisiwe mwongo. Bandama likapungua, akarudi shambani, akapogolea kahawa yote, mwaka mzima na miezi tukaishi kama watu, mpaka nikaanza kusahau neno la mwisho la daktari. Agosti mwaka jana vikaacha kufanya kazi. Fizi zikatoka damu, mwilini yakaja mabaka ya zambarau, homa haishuki. Hakuweza tena safari ya meli, nikamlaza hospitali ya misheni huku kwetu, wakasema anahitaji damu. Nilizunguka kwa ndugu na majirani wote, kila mmoja ana udhuru wake, wanaogopa, na aliyekuja ni mmoja, mdogo wake Rwegoshora, aliyepishana naye miaka mitatu. Alikuja kwa baiskeli kwenye mvua. Huyu hajaoa, alikuwa amechumbia binti mmoja wa Bugomora anaitwa Kantengwa, wazazi wake walitoka Rwanda zamani, na harusi ilikuwa iwe Desemba. Damu yao ikalingana. Alitoa mara mbili, ya tatu daktari akamkatalia. Telesfori rangi ilipomrudi kidogo akamwambia, "Mdogo wangu, kuanzia leo ukijikwaa wewe, mimi ndiye nitakayesema uwi." Tukacheka wote watatu.

Baada ya hapo Rwegoshora akawa anakuja kila siku mchana, na kila akija mume wangu ananituma, mara uji, mara maji ya moto, mara nikaulize dawa. Nikirudi nawakuta wamenyamaza, wananiangalia kwa namna moja, na sura zao mama zilifanana tangu zamani lakini pale zilikuwa zinafanana zaidi kila siku, mmoja anaisha na mwingine anajaa.

Telesfori alikufa Novemba, Jumanne saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Tukamzika kibanjani, kwenye migomba yetu nyuma ya nyumba, mvua inanyesha. Rwegoshora alibeba jeneza upande wa mbele.

Wiki ya tatu baada ya matanga, niko jikoni namenya ndizi, nikasikia mtu anagonga mwimo wa mlango kwa kifundo cha kidole, mara mbili, halafu kimya, halafu mara moja. Telesfori ndiye alikuwa anagonga hivyo. Kisu kilinianguka. Aliyeingia alikuwa Rwegoshora, amevaa koti la mume wangu, lile la kahawia. Nikauliza koti kalitoa wapi, akasema kapewa na mama yake. Akaketi kwenye kigoda cha Telesfori, akachukua kikombe cha kahawa, akatia chumvi kidogo kama alivyokuwa akifanya marehemu, na akanywa kwa mkono wa kulia. Mama, Rwegoshora ni wa mkono wa kushoto. Tangu utoto wake analima kwa kushoto, anakula kwa kushoto, baba yao alimchapa mpaka akachoka. Sasa jembe, panga, kijiko, vyote kulia, na havimpi shida.

Joviana zamani alikuwa anamwita baba mdogo. Sijui siku gani hasa aliacha neno "mdogo".

Asubuhi moja ya Januari ukungu ulikuwa mzito, migomba ya mbele tu ndiyo inaonekana, nikatoka kutupa majivu nikaona mtu amesimama karibu na kaburi amenipa mgongo, anapunguza majani makavu ya mgomba, anakata mawili anapumzika, anakata mawili anapumzika, vilevile kama mume wangu alipokuwa mgonjwa. Mdomo wangu ukatangulia akili yangu. Nikaita, "Baba Joviana!" Akageuka polepole akaitika, "Naam, Katibu. Mifupa imeamkaje?"

Ilikuwa sauti yake. Na mimi mama, Mungu anisamehe, sikukimbia. Nilifurahi. Nilimjibu, "Imeamka salama," nikaingia ndani nikampikia uji.

Yule binti Kantengwa alikuja mwisho wa mwezi na kikapu cha maharage, kuuliza kwa nini mchumba wake haonekani Bugomora. Alisimama uani amevaa vizuri, akasalimia. Rwegoshora akamtazama kwa heshima kama unavyomtazama mpita njia, akanigeukia mimi akaniuliza, "Huyu mgeni ni wa nani?" Yule binti hakulia. Aliweka kikapu chini, akaniangalia mimi kwa muda mrefu, akaondoka. Bado namuona.

Mama mkwe wangu, Bibi Laurensia, yeye amekwisha kumwita Telesfori waziwazi, mbele ya watu. Nilipomwambia, "Mama, huyu ni Rwegoshora," akanijibu bila hasira: "Damu yao imekuwa moja, Deodatha. Tulichozika ni maganda. Punje iko hapa." Na sasa wiki mbili hizi Rwegoshora ameanza kushika ubavu wa kushoto, anasema panamuuma, pale pale.

Ukoo umepanga kikao Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wanikabidhi kwake. Wanasema si kurithiwa, kwani mwanamke harithiwi na mume wake mwenyewe.

Sasa nikuambie nililomficha kila mtu. Kule hospitali siku moja nilitumwa uji nikasahau kikombe. Nikarudi. Nilisimama nyuma ya pazia la wodi nikamsikia mume wangu anasema, "Sema tena." Rwegoshora akasema, "Katibu, mifupa imeamkaje?" Mume wangu akasema, "Hapana. Unasema kama mtu anayeuliza njia. Vuta pumzi kwanza. Sema tena." Halafu nikasikia lile neno, na sikuweza kujua ni yupi kati yao aliyelisema. Niliondoka bila kikombe. Sikumuuliza mume wangu, na alikufa siku tisa baadaye.

Kwa hiyo mimi najua mama. Nilijua tangu alipogonga mlango. Na bado kila asubuhi nasikiliza kama atagonga. Je, damu inaweza kumbeba mtu? Nikikataa nitakuwa nimemuua Telesfori mara ya pili? Na nikikubali, yule Rwegoshora mwenyewe yuko wapi? Nijibu upesi.

Mimi Deodatha, Isingiro.

JIBU LA BI PLACIDIA

Marahaba Deodatha, na pole. Nakupa pole ya mume, na pole ya ile miaka uliyomuuguza peke yako huku watu wakisogea kwenye mabenchi. Uliandika vidonge, ulizunguka kutafuta damu, ulimshika mkono mpaka mwisho. Hakuna zaidi mke anachoweza kufanya. Hilo liweke moyoni lisitoke.

Sasa niruhusu nikukemee, maana umeniomba nijibu upesi.

Damu haimbebi mtu. Na hata kama ingembeba, fikiri kidogo: damu ilitoka kwa mdogo ikaenda kwa mkubwa. Chupa haikurudi. Ukienda kwa hesabu ya mama mkwe wako, basi aliyezikwa kibanjani ni Rwegoshora. Unaona tunakofika?

Saratani ya damu haiambukizi, si kwa kikombe, si kwa kitanda, si kwa kutoa damu. Lakini mtu aliyeumia moyoni mwili wake unaweza kuiga maumivu ya aliyempenda, nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Hata hivyo maumivu ni maumivu. Mpeleke hospitali wiki hii, apimwe, na daktari aelezwe yote. Mganga mwingine asimguse kwa wembe.

Mume wako alikupenda, na alikosea. Anayekufa ana haki ya kuomba mengi. Anaweza kuomba umtunze mama yake, umsomeshe mtoto, usiuze shamba. Hana haki ya kumwomba ndugu yake asiwepo. Alikuwa na hofu, alikuwa na homa, alitaka usibaki peke yako asubuhi. Namsamehe, na wewe msamehe. Lakini agizo lake usilitekeleze.

Na wewe, binti yangu! Ulisimama nyuma ya pazia ukasikia, ukaondoka. Kijana anapotea mbele ya macho yako, mchumba wake anafukuzwa uani kwako bila kosa, mtoto wako anafundishwa kwamba baba hufa na kurudi akiwa na koti, na wewe unapika uji. Sikulaumu kwa asubuhi ile ya ukungu. Mdomo wa mjane huteleza. Nakulaumu kwa asubuhi zote zilizofuata.

Fanya hivi. Akija na kugonga, usiitikie mlango. Toka nje mchana kweupe, mama mkwe awepo, Joviana awepo, umwite kwa jina alilobatizwa na jina alilopewa na babu yake. Asipoitika, mwite tena. Asipewe uji, asipewe kahawa, asikalie kigoda, mpaka aitike. Kisha mwambie neno kwa neno ulichosikia hospitalini, mama yake akisikia. Bibi Laurensia atapiga kelele. Mwache apige, yeye ana watoto wawili, mmoja amekufa, na huyu wa pili anamzika kwa mikono yake mwenyewe. Mtu amwambie hivyo. Mwambie wewe.

Koti ulichukue, ulifue, ulifungie.

Kuhusu kikao: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mjane yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Nenda nayo hiyo kwa katibu kata kabla ya Jumamosi, umwombe akae kikaoni. Ukisimama mwenyewe watasema una kichaa cha msiba. Akisimama na wewe mtu mwenye mhuri watakohoa na kubadili mazungumzo.

Mwisho, tuma mtu Bugomora. Usimwombe yule binti msamaha kwa barua. Mwite aje, umkaribishe kwa heshima, umweleze ukweli, halafu uamuzi uwe wake.

Hutamuua Telesfori mara ya pili. Hujakubali bado kwamba amekufa mara ya kwanza.

Nilidhani hayo yametosha. Aprili, Deodatha aliniandikia tena, na barua hii ya pili naitoa kama ilivyo.

Mpendwa Bi Placidia,

Shikamoo. Nilifanya ulivyosema, ingawa siku mbili za kwanza nilishindwa, aligonga na mimi nikafungua.

Siku ya tatu nilitoka uani nikamwita, Rwegoshora. Alikuwa anaanika kahawa, hakugeuka. Nikaita mara ya pili. Mara ya tatu mama mkwe akaja mbio ananivuta khanga, analia, "Unamfukuza mwanangu! Unamfukuza tena!" Mimi nikaendelea kuongea juu ya kelele zake, nikasema yote, pazia, kikombe, "sema tena", "vuta pumzi kwanza". Nilipofika hapo mama mkwe aliiachia khanga yangu, maana hakuwa anajua. Yeye aliamini kweli.

Rwegoshora aliketi chini juu ya kahawa. Aliiangalia ile mikono ya koti kama anashangaa ni ya nani. Halafu akasema, "Shemeji." Miezi mitatu hakuwa amelitamka neno hilo. Akasema, "Shemeji, kaka aliniambia nifanye hivi mpaka utakapozoea. Hakuniambia nitaachaje."

Nilimpeleka hospitali, damu yake ni nzima, na ubavu unapona polepole. Kijiko bado kinamshinda, anakichukua kwa mkono huu anakihamishia huu, chakula kinamwagika, Joviana anamsaidia. Kikaoni katibu kata alisoma ile sheria, wazee wakakohoa kama ulivyosema, nikabaki nyumbani kwangu. Kantengwa alikuja mara moja na dada yake. Alikaa mbali naye, akamuuliza, "Unanijua?" Akasema, "Nakujua." Akasema, "Nitaje." Akamtaja, na baba yake na mama yake. Binti akasema atafikiri. Hajarudi, lakini kikapu chake alikiacha tena.

Kinachonifanya nikuandikie ni hiki. Jumapili tulitoka kanisani, tukawa tunapita kibanjani, Rwegoshora akasimama akaniuliza taratibu, "Shemeji, kaka tulimzika lini?" Nilifikiri anatania. Nikamwambia Novemba, wewe ulibeba jeneza mbele. Akatikisa kichwa. Hakumbuki jeneza, hakumbuki mvua, hakumbuki mtu aliyesoma sala. Anakumbuka hospitali, anakumbuka kaka yake akisema "sema tena", halafu anakumbuka kahawa iliyoanikwa na mimi namwita. Mimi na Joviana tukamshika mikono tukampeleka mpaka kaburini tukamwonyesha msalaba. Alisoma jina kwa sauti. Akaanguka chini akalia kama mtu aliyeletewa habari saa ile ile, na bado analia, leo siku ya nne, halimi, anakuja asubuhi anakaa pale. Majirani wanasema matanga yalikwisha zamani, anajitia wazimu. Mama mkwe ametoka ndani akaketi naye. Nifanyeje naye?

Deodatha.

Deodatha, nakujibu hapa gazetini ili na majirani zako wasome. Matanga yalikwisha kwao. Kwa huyu yameanza Jumapili. Msimwambie ajikaze. Mtandikieni mkeka, waje wanaume wawili watatu wa ukoo waketi naye kama inavyopasa kwa mtu aliyefiwa na kaka, hasa wale waliokuwa na udhuru siku ya kutoa damu. Mpe chakula, mwite kwa jina lake kila unapompa, na jua likianza kushuka mwinue, umwelekeze njia ya kwake, aende akalale nyumbani mwake.